Gari la Kale na Uaminifu

Kila kitu kilichoundwa kwa mkono wa mtu huanza kuchakaa siku ile ile kinapokamilika. Nyumba hupata nyufa, nguo hufifia, jembe hulika makali, na chuma hushikwa na kutu. Mtu aliyerithi kitu kikuukuu husimama mbele ya njia tatu. Aweza kukiacha kama kilivyo. Aweza kukirudisha katika hali yake ya mwanzo. Aweza pia kukigeuza ili kifae mahitaji yake mwenyewe. Kila njia ina watetezi wake, na kila mtetezi hudai kuwa yeye peke yake ndiye akipendaye kitu hicho kwa kweli. Katika insha hii nataka tuzitazame njia hizo kwa mfano wa gari la kale linalotengenezwa nyumbani. Huenda ukadhani, msomaji, kwamba mambo ya gari ni ya mafundi, hayamhusu mwanafunzi mwenye kitabu mkononi. Nakuomba unifuate hatua chache, kwa maana chini ya boneti ya gari nimekuta maswali ambayo sikuyakuta katika chuo nilikosomea ualimu.

Gari ninalosimulia habari zake ni Peugeot 404 lenye safu tatu za viti. Aina hiyo ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Italia. Injini yake, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,618, imelazwa ubavu kwa digrii 45 ili boneti isiinuke mno, na mkono wa gia umetokeza kando ya usukani. Walakini watu wa Afrika Mashariki hawakulipenda kwa uzuri wa umbo lake. Walilipenda kwa uvumilivu. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, likashinda tena 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka 1963, na vivyo hivyo 1968, matope na mafuriko yaliwashinda washindani wengi hata yakafika mwisho magari saba tu. Na mara zote mbili lililotangulia lilikuwa 404.

Babu yangu alinunua lake mwaka 1974, likiwa limekwisha kutumiwa na mtu mwingine, akawa akichukua abiria kati ya Wundanyi na Voi. Alipofariki mwaka 1998 liliegeshwa chini ya mwembe, na hapo likakaa miaka 19. Kuku walitaga katika kiti cha nyuma, na mchwa walikula kila kilicholika. Mwaka 2017, nilipokuwa nimepata kazi ya kufundisha na kuweka akiba kidogo, nilitangaza mbele ya jamaa zangu kwamba nitalifufua gari la babu. Nilitamka neno hilo, kufufua, bila kulipima. Miaka iliyofuata ilinifundisha uzito wake.

Somo la kwanza lilikuwa la kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni ya hewa kwa msaada wa maji, na hupenda mahali palipofichika: ndani ya matao ya magurudumu ambamo matope huganda, katika kingo za chini za milango, chini ya mazulia ya sakafu. Nilimwita fundi mmoja wa Mwatate. Hakutazama rangi wala hakutaka kuisikia injini. Alichukua bisibisi, akaligonga gari kwa mpini wake kutoka mbele hata nyuma, huku ameinamisha kichwa kama daktari asikilizaye kifua cha mgonjwa. Palipokuwa na chuma kizima palilia. Palipokuwa na pati, ule mchanganyiko wa kuzibia mashimo unaokauka ukawa mgumu, palinyamaza. Gari letu lilinyamaza mahali kumi na moja. Mtu fulani, zamani, alikuwa ameziba mashimo kwa pati na kuyapaka rangi nzuri, na kutu iliendelea kula ndani kwa miaka mingi chini ya uso laini.

"Mwalimu," akaniambia, "naweza kukupa gari zuri kwa wiki mbili, au gari zima kwa miaka miwili. Chagua."

Nilichagua miaka miwili, na sitajidai kwamba nilifanya hivyo kwa hekima; niliona haya kuchagua wiki mbili mbele ya mtu aliyekwisha kuniambia ukweli. Tulikata chuma kilichooza mpaka tukafika penye chuma kilicho hai, tukachomelea mabati mapya. Kazi hiyo ni ngumu na haina sifa, kwa kuwa ikifanywa vema haionekani. Yule atakayelitazama gari ataona rangi tu. Atakayejua yaliyo chini yake ni fundi, mwenye gari, na Mungu.

Mwisho wa mwaka wa pili nilifanya hesabu. Sakafu ilikuwa mpya. Matao mawili ya magurudumu, kingo za milango, rejeta, mabomba yote ya breki, nyaya zote za umeme, vioo viwili na pete za pistoni vilikuwa vipya, au vimetolewa katika magari mengine matatu yaliyokwisha kufa. Ndugu yangu mdogo alilizunguka gari mara moja, akacheka, akauliza, "Kaka, hili ni gari la babu au ni gari la duka la vipuri?"

Nilicheka pamoja naye, lakini usiku ule sikupata usingizi mapema. Swali lake lilikuwa la kweli. Ikiwa nimekiondoa kipande kimoja na kuweka kingine, bila shaka gari ni lile lile. Hakuna asemaye kwamba gari lililobadilishwa plagi limekuwa gari lingine. Ikiwa nimeondoa vipande viwili, bado ni lile lile. Basi ni kipande cha ngapi kilichonipokonya gari la babu? Sikuweza kukitaja, na wewe pia, msomaji, hutaweza kukitaja.

Swali hili ni la kale kuliko gari lolote. Watu wa pwani yetu wamelijibu kwa vitendo karne nyingi. Jahazi la Lamu hupandishwa ufukoni, mbao zilizooza huondolewa, mpya zikapigiliwa, na kalafati ikatiwa upya katika viungo vyake. Tanga hubadilishwa likichanika, na mlingoti ukivunjika. Baada ya miaka mingi huenda usibaki ubao hata mmoja wa wale waliochongwa na fundi wa kwanza. Hata hivyo jina la jahazi halibadiliki, na mzee aliyelipanda katika ujana wake hulitambua kutoka mbali na kulisalimu. Wayunani nao walikuwa na mfano kama huo. Mwandishi Plutarch alieleza kwamba watu wa Athens walihifadhi chombo cha shujaa wao Theseus kwa kuondoa kila ubao uliooza na kuweka mpya, hata wenye elimu wakabishana kama chombo kile ni kile kile au kimekuwa kingine. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes alizidisha ugumu wa swali. Aliuliza hivi: tuseme mtu ameziweka mbao zote za zamani zilizotupwa, kisha akaziunga upya kwa mpango ule ule. Sasa pana vyombo viwili. Kipi ni cha Theseus? Likumbuke swali la Hobbes, maana litarudi mlangoni petu.

Usidhani kwamba mabishano haya ni mchezo wa wanafalsafa wasio na kazi. Mwaka 1990 yalifika mbele ya jaji. Gari la mbio la Bentley lililoitwa Old Number One lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929, likashinda tena mwaka 1930. Baadaye liligeuzwa kwa ajili ya mbio za Brooklands, Uingereza, na huko mwaka 1932 lilipata ajali iliyomwua dereva wake, Clive Dunfee. Likaundwa upya, likawa gari la matembezi lenye paa. Miaka ikapita, na vipande vikazidi kubadilishwa. Hatimaye mwenyewe alipatana kuliuza kwa pauni milioni 10, lakini wanunuzi wakakataa, wakisema kwamba hilo silo gari lililoshinda Le Mans, kwa maana karibu chuma chake chote ni kingine. Kesi ikaingia Mahakama Kuu ya London. Jaji Otton alikubali kwamba sehemu zilizosalia kutoka siku za ushindi zilikuwa chache mno. Hata hivyo aliamua kwamba gari lile ndilo Old Number One. Halikupata kuvunjwa likatoweka. Lilibadilika hatua kwa hatua, historia yake haikukatika, na hapakuwa na gari jingine duniani lililoweza kudai jina lile. Tena alipima maneno kwa makini. Gari hilo, kwa hukumu yake, halikustahili kuitwa la asili. Lakini lilistahili kuitwa halisi.

Nimetafakari sana tofauti ya maneno hayo mawili. Kitu cha asili ni kile ambacho chuma chake ni kile kile cha siku ya kwanza. Kitu halisi ni kile ambacho maisha yake hayakukatika, na ambacho hakisemi uongo juu ya maisha hayo. Mwili wako mwenyewe, msomaji, si wa asili kwa maana ya kwanza. Ngozi uliyo nayo leo si ile uliyozaliwa nayo, na nywele za utotoni zilikwisha kunyolewa. Mama yako hakutilii shaka kwa sababu hiyo. Hukujua kwa uzi wa maisha uliofungwa kati yako na siku ile alipokuzaa. Kwa kipimo hicho niliweza kumjibu ndugu yangu: gari hili si la asili, lakini ni la babu. Halikupata kuwa la mwingine tangu 1974, wala hatukuficha chochote tulichokibadilisha.

Jibu hilo lilinipa raha, lakini raha yake ilizaa swali jingine. Ikiwa gari laweza kubadilishwa na bado likawa lile lile, je, nina ruhusa ya kubadilisha lolote nipendalo? Hapa wapenzi wa magari ya kale hugawanyika. Wako washikao mithali isemayo, mwacha asili ni mtumwa. Watu hao hutafuta hata skrubu ya namna ile ile iliyotoka kiwandani, na magari yao huoshwa, hung'arishwa na kuonyeshwa mbele ya waamuzi, kama yafanywavyo maonyesho ya magari jijini Nairobi. Wako wengine wasemao kwamba gari lililoundwa ili liende halitendewi haki likifanywa pambo. Tangu 2003 yako mashindano ya Safari kwa magari ya kale, nayo hukimbizwa tena katika vumbi la Kenya, yakiwa yametiwa vyuma vya kumlinda dereva na vitu vingine ambavyo wanunuzi wa kwanza hawakuviona. Wa kwanza huwaita wa pili waharibifu. Wa pili huwaita wa kwanza walinzi wa makaburi. Mimi nilijihesabu kuwa miongoni mwa wa kwanza, na nilikuwa na kiburi juu yake.

Kiburi hicho karibu kinigharimu jambo lisilolipika. Gari la babu lilikuwa na breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Katika breki za namna hiyo viatu hupanuka ndani ya dramu na kuikwaruza. Katika mteremko mrefu dramu hupata moto, hutanuka, na kujitenga na viatu. Nayo breki, iliyokuwa ikishika chini ya mlima wa kwanza, hulegea chini ya wa pili. Fundi alikuwa amenishauri nitie breki za diski katika magurudumu ya mbele, kutoka gari la baadaye la kampuni ile ile, kwa kuwa diski hukaa wazi na upepo huipoza. Nilikataa. Nilimjibu kwamba babu aliendesha miaka 24 kwa breki hizo. Sikukumbuka kwamba babu aliendesha katika barabara iliyokuwa na magari machache, wala kwamba aliujua mteremko ule kama ajuavyo mtu ngazi za nyumba yake.

Jumamosi moja nilikuwa nikishuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate. Nyanya alikaa kando yangu, na binti yangu wa miaka sita alikaa nyuma. Mbele yetu palikuwa na lori, kwa hiyo nilikanyaga breki mara nyingi. Kwenye kona fulani nikakanyaga, na mguu wangu ukazama kama katika uji. Kando ya barabara kijana alikuwa akisukuma mkokoteni wenye mitungi ya maji. Nilirudisha gia, nikavuta breki ya mkono, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Lilisimama likiwa limeinama, kiasi cha hatua nne kutoka kwa yule kijana. Hapana aliyeumia. Yule kijana alinitazama, asinitukane, akashika tena mkokoteni wake akaenda zake. Laiti angalinitukana. Kimya chake nimekibeba mpaka leo.

Siku ile nilifahamu kwamba nilikuwa nimeutoa uhai wa mtu asiye jamaa yangu uwe rehani ya mapenzi yangu kwa marehemu. Yule kijana hakumjua babu, wala hakudaiwa heshima yoyote kwa gari lake. Mtu aweza kujihatarisha mwenyewe kwa ajili ya kumbukumbu. Huo ni upumbavu wake, nao ni mali yake. Lakini barabara ni ya watu wote, na uaminifu unaolipiwa na mpita njia si uaminifu. Juma lililofuata fundi alitia breki za diski, na mikanda ya usalama katika viti vyote. Hakuniambia, "Nilikuonya." Namshukuru kwa hilo pia.

Nilijipa faraja kwa kusema kwamba babu mwenyewe angalitaka hivyo, kwa kuwa alijali abiria wake. Nadhani hoja hiyo ni ya kweli, ila nataka kukuonya juu yake, kwa maana ni hoja yenye hatari. Mara tu nilipoitumia, ndugu yangu naye aliitumia. Alitaka kuondoa injini ya asili atie injini ya Kijapani, atie vipaza sauti vikubwa nyuma, na kushusha springi gari liwe karibu na ardhi. "Babu alipenda mwendo," akasema, "na alipenda muziki." Hayo nayo yalikuwa kweli! Basi nikaona jinsi ilivyo rahisi kuwavisha marehemu matakwa yetu. Hawajibu, hawakanushi, na kila mtu hurudi kutoka kaburini kwao na jibu lile lile alilokwenda nalo.

Nyanya ndiye aliyetukata maneno. Nilikuwa nimekataa kugusa kiti cha mbele, chenye springi zilizovunjika, kwa sababu nilikiona kuwa ni kumbukumbu takatifu. Akaniambia, "Mjukuu wangu, kiti hicho kimenidunga mgongo miaka mingi. Kila Krismasi babu yako aliahidi kukitengeneza. Wewe wakitunza kwa ajili ya nani?" Niliona haya. Nilikuwa nikihifadhi ahadi isiyotimizwa na kuiita heshima. Tangu hapo nilijiwekea kanuni: kabla ya kusema marehemu angalipenda nini, muulize aliyeishi naye.

Tena yafaa tukumbuke kwamba hata asiyetaka kubadili chochote hubadilishiwa na dunia. Injini nyingi za zamani ziliundwa kwa petroli iliyotiwa risasi, na ile risasi ilisaidia kulinda viti vya vali. Risasi hiyo ilikuwa sumu kwa watu, hasa watoto, na nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha kufikia mwaka 2006. Basi anayesema, "Nitaliendesha gari hili kama lilivyoendeshwa 1974," hawezi. Petroli ni nyingine, barabara ni nyingine, hata mwendo wa jirani zake barabarani ni mwingine. Asili kamili ingehitaji kurithi ulimwengu mzima pamoja na gari.

Kutokana na hayo tulipatana, mimi na ndugu yangu, juu ya mambo matatu. La kwanza, badiliko linalolinda uhai wa watu ni wajibu, wala halihitaji ruhusa ya marehemu. La pili, badiliko la kupendeza nafsi limeruhusiwa kwa kiasi, ila tusilipake jina la babu. Tuseme ni letu. Ndugu yangu alipewa redio yake, nayo huitwa redio ya ndugu yangu. La tatu, kila kipande kilichoondolewa na kilicho kizima kiwekwe ghalani, na badiliko lifanywe kwa namna iwezayo kurudishwa nyuma. Huenda mjukuu wangu akawa na hekima kuliko mimi, na sipendi kumfungia mlango. Kwa sababu hii injini ya asili ilibaki mahali pake, na dramu za zamani zimepakwa grisi na kufungwa katika gunia.

Sasa nimefika penye swali la tatu, nalo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, ingawa jibu lake lilikuwa wazi tangu mwanzo. Mambo magumu maishani aghalabu huwa hivyo: twajua lililo sawa, ila hatutaki kulilipia.

Mgeni mmoja alikuja nyumbani akiwa amevaa vizuri na kunena kwa adabu. Hakutaka gari. Alitaka kitabu cha gari na kile kibati kidogo chenye namba kilichopigiliwa chini ya boneti. Alikuwa na 404 jingine lisilo na karatasi, na alisema angelivika namba za gari letu, kisha angeliuza kwa mtu wa mbali apendaye magari yenye historia. "Ninyi mtabaki na gari lenu," akasema, "mtalisukuma shambani mwenu. Mwalimu, namba ni kitu gani? Si kipande cha bati tu?" Akataja shilingi 300,000. Wakati ule binti wa ndugu yangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, ameketi barazani na sare yake ya shule, akisoma kitabu kimoja mara ya tatu. Yule mgeni alimwona. Nadhani ndiyo sababu alitaja fedha kwa sauti.

Hapo swali la Hobbes lilikuwa limebisha hodi: magari mawili, jina moja. Jaji wa London alisaidiwa na jambo moja, kwamba hapakuwa na gari jingine la kudai jina lile. Mgeni wetu alitaka kuumba gari la pili kwa makusudi. Gari lake lingepewa safari ambazo halikusafiri, abiria ambao halikuwachukua, na mwenyewe ambaye halikumjua. Na gari letu, ambalo lilisafiri kwa kweli, lingekuwa halina jina. Sheria ya Kenya inamtaka mwenye gari awaarifu wenye kusajili magari abadilishapo injini, bodi au rangi, na aliyeitunga alijua kwamba namba ni neno la ahadi: humwambia mnunuzi asiyetujua kwamba kitu hiki ndicho kilichoandikwa. Kuiuza namba bila gari ni kumuuzia mtu ahadi yetu ili aivunje kwa niaba yetu.

Haya yote nayaandika leo nikiwa nimetulia. Usiku ule sikutulia. Nilijiambia kwamba hakuna atakayejua, kwamba mnunuzi ni tajiri, kwamba mtoto ana haki ya kusoma. Sitajisifu mbele yako kwamba sikutamani. Asubuhi ndugu yangu ndiye aliyenitangulia. Alisema, "Kaka, tukiuza bati lile, siku binti yangu akiniuliza karo yake ilitoka wapi, nitamwambia nini?" Njia ya mwongo ni fupi, na aghalabu humalizikia mbele ya mtoto wa mwongo mwenyewe.

Tukamrudisha mgeni. Walakini kukataa hakulipi karo, na mtu asikuhubirie wema kana kwamba haugharimu kitu. Fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya rangi zilikwenda shuleni, pamoja na mbuzi wawili wa nyanya. Ndiyo sababu gari la babu, mpaka leo, lina milango miwili ya samawati na miwili yenye rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, nyekundu kama udongo wetu. Wapitao hucheka. Nimekwisha kuzoea kicheko chao, na yule binti akiwa likizoni hupenda kuketi upande wa milango ile.

Ndani ya sanduku la mbele ya abiria nimeweka daftari la kawaida la shule. Humo nimeandika kila kilichobadilishwa, tarehe yake, kilikotoka kipya na kilikowekwa cha zamani. Nimeandika habari za breki na kijana wa mkokoteni. Nimeandika mahali kumi na moja palipokuwa na pati. Atakayelirithi gari hili huenda asikubaliane na lolote nililolifanya, lakini hatahitaji kuligonga kwa bisibisi ili ajue ukweli.

Msomaji mpendwa, huenda usirithi gari. Lakini hapana aliyezaliwa asirithi kitu. Utapewa jina, lugha, shamba, desturi za wazee na deni zao. Vingine utavikuta vimeoza chini ya rangi nzuri, na vingine vizima chini ya vumbi. Usitupe kabla ya kugonga na kusikiliza. Usihifadhi kidungacho watu migongo kwa sababu tu ni cha zamani. Ukibadilisha, sema umebadilisha; na mapenzi yako kwa waliokufa yasiwe mzigo juu ya kichwa cha mpita njia. Ukifanya hivyo, ulichokirithi huenda kisiwe cha asili tena, lakini kitakuwa halisi, nawe utaweza kukikabidhi bila kuinamisha macho.